UZI: Mtu wa Belfast ni Mwingereza, Mwairishi, au vyote viwili? Maneno, pasipoti na fomu za Ireland Kaskazini

Mkalimani wa Pwani (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Naufungua uzi huu kwa sababu neno letu moja linabeba mzigo wa maneno matatu, na habari zikitoka Ireland Kaskazini mzigo unadondoka. "Uingereza" kwetu ni England, ni Britania Kuu, na ni ile dola nzima yenye mfalme na kiti Umoja wa Mataifa. "Mwingereza" naye hivyo hivyo. Ukiandika "Mwingereza wa Glasgow", Mskoti atanuna kidogo, yaishe. Ukiandika "Mwingereza wa Belfast" umekosea pande zote mbili za mtaa. Mmoja anajiita Mwairishi, umemnyang'anya. Mwenzake anajiita "British", lakini hajawahi kudai kuwa mtu wa England, na huenda mababu zake walivuka bahari kutoka Scotland karne ya 17.

Tazama jalada la pasipoti yao. Limeandikwa Ufalme wa Muungano wa Britania Kuu na Ireland Kaskazini. Britania Kuu ni kisiwa kile chenye England, Scotland na Wales. Ireland Kaskazini haimo, imeshonewa na hiyo "na". Watanzania mtanielewa upesi: mwiteni Mpemba "Mtanganyika" halafu mkae mbali kidogo.

Kwa wanaotafsiri, mgawanyo ninaoupendekeza: "Mwingereza" abaki mtu wa England. "Mbritania" liwe neno la anayejitambulisha na dola na taji. "Raia wa Uingereza" litumike pale tu unapozungumzia uraia wa kisheria. Wale wanaotaka Ireland iwe moja, "wazalendo wa Ireland". Wanaotaka kubaki na London, "wana-muungano". Na tafadhali tusitafsiri kila kitu kuwa "Wakatoliki na Waprotestanti" kana kwamba wanagombania sakramenti.

Wenye ujuzi wa sheria na maisha ya kule karibuni. Swali la kuanzia: mtu wa Belfast *anachagua* vipi? Anajaza fomu wapi?

---

Nyuma ya Nyavu

Naweka kigoda hapa. Mkuu, la mpira usilisahau.

---

Karani wa Zamu

Mleta mada, jibu fupi: hajazi fomu popote, na kero yote inaanzia hapo.

Mkataba wa Ijumaa Kuu wa tarehe 10 Aprili 1998, uliomaliza mapigano ya miaka 30 kule, unatambua haki ya watu wa Ireland Kaskazini kujitambulisha na kukubaliwa kuwa Waairishi, au Wabritania, au vyote viwili, na kushika uraia wa nchi zote mbili wakitaka. Wananchi waliupigia kura tarehe 22 Mei mwaka huo: kaskazini asilimia 71.1 walikubali, Jamhuri (yaani Jamhuri ya Ireland, nchi huru ya kusini, makao yake Dublin) asilimia 94.4. Mpaka hapo hakuna ubishi.

Lakini mkataba unazungumzia *kujitambulisha*. Uraia wenyewe unatoka kwenye sheria mbili za nchi mbili, na sheria hizo hazifanyi kazi kwa namna moja.

Ya Uingereza ni ya mwaka 1981, ilianza kutumika 1 Januari 1983. Mtoto akizaliwa ndani ya dola hiyo na mzazi mmoja akawa raia au mwenye ukaazi wa kudumu, mtoto ni raia tangu pumzi ya kwanza. Hakuna anayemuuliza. Na raia wa Ireland anayeishi Uingereza anahesabiwa kuwa mwenye ukaazi wa kudumu, kwa hiyo hata wazazi wote wawili wawe na pasipoti ya Ireland peke yake, mtoto wao wa Belfast ni raia wa Uingereza.

Ya Ireland ni ya mwaka 1956, na marekebisho ya 2001 ndiyo yanayotuhusu hapa. Inasema aliyezaliwa kwenye kisiwa cha Ireland, kusini au kaskazini, *ana stahili* ya uraia, na anahesabika raia tangu kuzaliwa pale anapofanya tendo ambalo raia wa Ireland pekee ana haki ya kulifanya. Tendo la kawaida ni kuomba pasipoti. Kwa hiyo uraia mmoja unamwagiwa kichwani ukiwa kitandani hospitali. Mwingine umewekewa rafuni, jina lako juu yake, usubiri siku utakapoufuata.

Matokeo yake yalionekana kwenye kesi ya Emma DeSouza. Mzaliwa wa Ireland Kaskazini, pasipoti yake ya Ireland, mume wake Mmarekani. Mwaka 2015 mume akaombewa ukaazi kama mwanafamilia wa raia wa Umoja wa Ulaya. Wizara ya Mambo ya Ndani ikajibu kwamba huyu mama kisheria ni raia wa Uingereza, basi aukane kwanza uraia huo au mume aombe kwa njia nyingine. Mwaka 2017 baraza la kwanza la uhamiaji likampa haki mama. Oktoba 2019 baraza la juu likatengua: mkataba wa 1998 haukubadilisha sheria ya uraia ya 1981. Mei 2020 serikali ikatangaza kulegeza kanuni za *uhamiaji*, na kuanzia 24 Agosti 2020 wanafamilia wa watu wa Ireland Kaskazini wakaruhusiwa kuomba kupitia mpango uleule wa raia wa Ulaya. Mlango mkuu wa mpango huo ulifungwa 30 Juni 2021. Sheria ya uraia yenyewe haikuguswa.

Anayetaka kuukana uraia wa Uingereza anajaza fomu inayoitwa RN, analipa ada, anaonyesha kwamba ana uraia mwingine. Ndiyo maana wenye msimamo wanakasirika: walipie kuvua vazi wanalosema hawakuwahi kulivaa.

Ukiukana hupotezi haki ya kuishi pale. Raia wa Ireland wanaishi na kufanya kazi Uingereza bila viza, na tangu 2020 haki hiyo imeandikwa wazi kwenye sheria yao ya uhamiaji. Wanapiga kura zote, za bunge na za serikali za mitaa. Raia wa Uingereza anayehamia Dublin naye anapiga kura ya ubunge, ila ya urais na ya maoni ya katiba hapana.

---

Mama Amani

Ndugu Karani, ahsante kwa maelezo. Sasa shuka kwa wanadamu wa huku kwetu. Mume na mke Wakenya, wote wako Belfast kwa viza za kazi, mtoto anazaliwa Belfast. Mtoto ni nani?

---

Karani wa Zamu

Mama Amani, shikamoo. Hapa ndipo wengi wanapoteza haki ya mtoto kwa kutoijua, kwa sababu wanauliza Uingereza tu, wanaambiwa hapana, wanaenda zao.

Kwa Uingereza: viza ya kazi ina tarehe ya mwisho, hivyo si ukaazi wa kudumu. Mtoto hazaliwi raia wa Uingereza. Anaweza kusajiliwa baadaye, mzazi mmoja akishapata ukaazi wa kudumu, au mtoto mwenyewe akitimiza miaka 10 akiwa ameishi humo tangu kuzaliwa bila kuwa nje zaidi ya siku 90 kwa mwaka.

Kwa Ireland: kura ya maoni ya Juni 2004 ilimaliza ile kanuni kwamba kila anayezaliwa kisiwani ana haki ya uraia. Kuanzia 1 Januari 2005, wazazi wakiwa wageni, mmoja wao lazima awe ameishi kihalali *kisiwani* miaka 3 kati ya 4 kabla ya mtoto kuzaliwa. Angalia neno: kisiwani. Belfast inahesabika, Dublin inahesabika, unaweza kujumlisha mwaka wa Cork (Jamhuri) na miaka miwili ya Derry (kaskazini). Akifikisha, mtoto ana haki ya uraia wa Ireland hata kama Uingereza, nchi aliyozaliwa ndani yake, haimtambui kuwa raia.

Makosa yanayoangusha maombi ni haya. Muda wa viza ya masomo hauhesabiwi. Muda wa kusubiri majibu ya hifadhi hauhesabiwi. Na lile linalouma zaidi: muda wa Manchester, London au Glasgow hauhesabiwi kabisa, kwa kuwa si kisiwani. Baba aliyeishi Leeds miaka 5 akahamia Belfast miaka 2 kabla ya mtoto ana miaka 2 tu. Basi mwangalieni mzazi mwingine. Mmoja akitimiza inatosha.

Ushahidi uanzeni mapema: rekodi za viza zenye tarehe, mikataba ya nyumba, hati za mshahara, bili, zikiwa na anwani ya kisiwani. Pengo la miezi 4 bila karatasi ndilo watakaloliulizia.

Mambo mawili ya kuongezea. Mtoto akishakuwa raia wa Ireland anaishi Uingereza bila viza, lakini hilo halirefushi viza za wazazi hata siku moja. Pia, ule mkataba wa 1998 umeweka maana ya "watu wa Ireland Kaskazini": aliyezaliwa huko huku mzazi mmoja akiwa raia wa Uingereza, raia wa Ireland, au mwenye haki ya kukaa bila kikomo. Kwa hiyo mtoto wa viza za kazi anaweza kushika pasipoti ya Ireland, akazungumza lafudhi ya Belfast tupu, na bado maneno ya mkataba yasimhusu.

Kwa Wakenya uraia pacha unaruhusiwa tangu katiba ya 2010. Mtanzania akumbuke kwamba mtoto akifikisha miaka 18 sheria ya nyumbani inamtaka achague.

---

Mzee wa Hoja

Maelezo matamu, lakini naona mnawapamba. Mzungu ni mzungu. Mkatoliki ni Mwairishi, Mprotestanti ni Mwingereza, wamechinjana miaka 30, mwisho wa habari.

---

Takwimu Hazinuni

Mzee wangu, sensa ya Machi 2021 inakukatalia kidogo.

Swali la dini (pamoja na dini uliyolelewa): Wakatoliki asilimia 45.7, Waprotestanti na Wakristo wengine 43.5, wasio na yoyote 9.3. Ilikuwa mara ya kwanza Wakatoliki kuzidi tangu Ireland Kaskazini imegwe kutoka Ireland nyingine mwaka 1921. Ingekuwa dini na taifa ni kitu kimoja, swali la utambulisho wa taifa lingetoa namba hizo hizo. Halikutoa. Waliosema "Mbritania tu" ni asilimia 31.9, "Mwairishi tu" 29.1, na "wa Ireland Kaskazini tu" 19.8. Waliobaki walitia alama visanduku viwili au zaidi, au ni watu wa mataifa mengine. Mtu mmoja kati ya watano, kwa hiyo, amekataa majina yote mawili makubwa na kuchukua la tatu. Humo wamo Wakatoliki wasiotaka Dublin iwatawale na Waprotestanti waliochoka na bendera.

Mwaka 2011 "Mbritania tu" walikuwa 39.9. Wameshuka, lakini "Mwairishi tu" hawakupanda kwa kiasi hicho hicho, walikuwa 25.3.

Pasipoti ni jambo jingine tena. Wenye pasipoti ya Ireland walitoka 375,800 mwaka 2011 hadi 614,300 mwaka 2021. Katikati hapo kulikuwa na Brexit, Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya. Mwana-muungano anayechukua pasipoti ya Ireland ili asipange foleni ndefu uwanja wa ndege wa Malaga, Hispania, hajabadili kabila. Atakayehesabu pasipoti akadhani amehesabu mioyo atabashiri vibaya kura ya kuunganisha kisiwa.

---

Mzee wa Hoja

Haya, nimekubali nusu.

---

Dawati la Ajira

Niongeze jambo ambalo wageni wanakutana nalo wiki ya kwanza wanapotafuta kazi Belfast, na linawashtua.

Kwenye maombi ya kazi kuna karatasi ya pembeni inauliza *asili ya jamii* yako. Visanduku ni vitatu: mimi ni wa jamii ya Kiprotestanti, mimi ni wa jamii ya Kikatoliki, mimi si wa yoyote kati ya hizo. Haiulizi kama unasali. Ni sheria ya ajira ya haki, ya kwanza nzito ya mwaka 1989 na iliyopo sasa ya 1998. Mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 10 wa muda kamili (na "muda kamili" hapa ni saa 16 au zaidi kwa wiki) lazima ajisajili kwenye Tume ya Usawa na apeleke hesabu kila mwaka: wangapi wa huku, wangapi wa kule, walioomba na walioajiriwa. Kila baada ya miaka isiyozidi 3 anajikagua kama upande mmoja unakosa nafasi.

Karatasi hiyo inatengwa na maombi. Wanaokufanyia usaili hawapaswi kuiona; inakwenda kwa mtu maalumu wa takwimu, na mara nyingi ina namba badala ya jina. Usiogope kuijaza.

Kinachoharibika ni pale mtu anapoiacha wazi. Sheria inamruhusu mwajiri kukisia kwa ishara zilizomo kwenye maombi yako: jina, anwani, shule uliyosoma, klabu, michezo. Kule ishara hizi zinasomeka kama kabila kwenye majina yetu. Shule yenye jina la mtakatifu, upande mmoja. Ukiandika unacheza mpira wa Kigaeli, mchezo wa jadi wa Waairishi, upande huo huo. Kwa hiyo Mtanzania aliyesoma seminari ya Wakatoliki Morogoro akiacha wazi anaweza kuhesabiwa Mkatoliki wa Belfast, na takwimu ya kampuni ikapinda kwa ajili yake.

Mgeni ajibu nini? Mpentekoste wa Goma, Mwislamu wa Mombasa, Mkatoliki wa Bukoba: swali linahusu jamii mbili za pale. Ambaye hajioni ndani ya yoyote atie kisanduku cha tatu, ndiyo kazi yake. Mkatoliki wa Bukoba anayejiona wa jamii ya Kikatoliki naye hajakosea akitia cha pili. Asichoruhusiwa ni kudanganya makusudi; hilo ni kosa la jinai, na karatasi yenyewe huwa inasema.

(Kule kuna utani wa zamani: Mwislamu anaulizwa, sawa, lakini wewe ni Mwislamu wa Kikatoliki au wa Kiprotestanti? Fomu ni utani huo huo uliopigwa mhuri.)

---

Nyuma ya Nyavu

Sasa mpira, maana mmenisubirisha.

Raga: kisiwa kizima timu moja. Tangu 1995 wanaimba wimbo uliotungwa makusudi usiomtaja mfalme wala jamhuri, kwa sababu timu ina watu wa pande zote. Kriketi na magongo pia ni timu ya kisiwa. Soka ni timu mbili, na hapo ndipo kelele.

Mzaliwa wa Derry ana haki ya uraia wa Ireland, kwa hiyo anaweza kuichezea Jamhuri hata kama amelelewa na akademia ya kaskazini. Chama cha soka cha kaskazini kilipinga hadi Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, kesi ya Daniel Kearns, mwaka 2010, kikashindwa. James McClean alipita njia hiyo: vijana wa chini ya miaka 21 wa Ireland Kaskazini, kisha timu kubwa ya Jamhuri.

Na kuna lile ua ambalo McClean alikataa kulivaa. Ua jekundu la popi huvaliwa kila Novemba kuwakumbuka wanajeshi wa Uingereza waliokufa vitani. McClean ametoka Creggan, Derry. Tarehe 30 Januari 1972 wanajeshi wa Uingereza waliwapiga risasi raia kwenye maandamano mjini humo, 13 wakafa siku ile na mmoja baadaye. Mwaka 2014 aliandika barua kwa mwenyekiti wa klabu yake akieleza kwamba wafu wa vita viwili vya dunia anawaheshimu, ila ua linawahusu pia wanajeshi wa vita vya baadaye, wakiwamo wa Derry. Kwa hiyo mkisoma "amekataa kuwaheshimu wafu wa vita kuu", mjue mwandishi hakusoma barua.

Upande wa pili wa bahari kuna kina Declan Rice. Mzaliwa wa London, babu na bibi wa Cork, akaichezea Jamhuri mechi 3 za kirafiki mwaka 2018, kisha Februari 2019 akatangaza kwenda England. Kanuni ilimruhusu kwa kuwa mechi za kirafiki hazimfungi mchezaji.

---

Ramani Mkononi

Kwa wanaosafiri au kuandika, maneno ya kuchunga ni mengi kuliko ya pasipoti.

Ukisema "Ulster" ukimaanisha Ireland Kaskazini, mzalendo wa Ireland atakukumbusha kwamba Ulster ina kaunti 9 na tatu kati yake, Donegal, Cavan na Monaghan, ziko Jamhuri. Ukisema "kaunti sita", mwana-muungano amekwisha kukujua uko wapi. "Kaskazini" bila Ireland mbele yake inaelekea uzalendo. "Jimbo" inaelekea muungano. Kuiita Britania "bara" ni kosa mbele ya mzalendo, sawa na Mtanzania Bara akijisahau forodhani Unguja, tofauti ni kwamba sisi neno hilo limo kwenye katiba. "Visiwa vya Britania" kwa kujumuisha Ireland, serikali ya Dublin hailitumii kabisa. Wanadiplomasia wanasema "visiwa hivi", wakapita.

Mji ule mmoja: Derry kwa wazalendo, Londonderry kwa wana-muungano na kwenye hati ya kifalme ya 1613. Halmashauri imejiita ya Derry tangu 1984, mji wenyewe kisheria bado Londonderry, na mahakama ilithibitisha hivyo 2007. Kwenye vibao vya barabara mtaona neno "London" limepakwa rangi.

Hata herufi H inakusaliti. Wengi waliosoma shule za Kikatoliki wanaitamka kwa pumzi mwanzoni, "hechi". Wa shule za serikali, walikojaa Waprotestanti, wanasema "echi". Watoto wanafundishwa alfabeti, kumbe wanapewa kitambulisho.

Mpaka wenyewe hauonekani. Kilomita karibu 500, hakuna kizuizi. Utaujua kwa mstari wa pembeni ya barabara: kaskazini ni mweupe, ukiingia Jamhuri unageuka njano uliokatikakatika. Vibao vya kasi vinatoka maili kwenda kilomita (Jamhuri ilibadili Januari 2005, na dereva anayesahau anakwenda 100 palipoandikwa 60, au kinyume chake). Masanduku ya posta yanageuka kutoka mekundu kuwa ya kijani. Sogea karibu na ya kijani yaliyo ya zamani, kwaruza kwa jicho: chini ya rangi kuna herufi za Malkia Victoria au Mfalme Edward VII, chuma kile kile cha himaya. Dola mpya ilipoanza 1922 haikuwa na haja ya kununua masanduku mapya, ilinunua rangi.

---

Zamu ya Usiku

Hapo pa mpaka usioonekana nipaze sauti kwa watu wetu, maana wanaponzwa.

Uhuru wa kuvuka na kuishi upande wowote bila ruhusa ni wa raia wa Uingereza na Ireland *tu*. Mkenya, Mtanzania, Mganda, Mkongo mwenye viza ya Uingereza haruhusiwi kuingia Dublin kwa viza hiyo. Kuna mpango wa viza moja kwa nchi zote mbili, ila ni wa Wachina na Wahindi. Kutokuwepo kizuizi barabarani hakumaanishi hakuna ukaguzi: maofisa wa Jamhuri hupanda mabasi ya Belfast–Dublin na kuomba hati. Ukikataliwa kuingia, inaandikwa, na kila fomu ya viza utakayojaza baadaye ina swali "umewahi kukataliwa?".

Mitego mitatu ya kawaida. Tiketi ya ndege ya bei nafuu hadi Dublin kwa mtu anayekwenda Belfast: unahitaji viza ya Ireland ili kutua. Basi la Letterkenny hadi Dublin: linaanza Jamhuri na kuishia Jamhuri, lakini katikati linapita Omagh na Aughnacloy, ambayo ni Uingereza, kwa hiyo mwenye kibali cha Ireland peke yake amevuka bila viza akiwa amelala. Na safari ya kanisa au mazishi iliyopangwa haraka, watu 14 kwenye gari moja, wawili tu wana hati.

---

Mama Amani

Na wale Waairishi waliozaliwa Birmingham, Liverpool, London? Wanaitwaje?

---

Takwimu Hazinuni

Mama, hao mara nyingi wanakataliwa pande zote. England wanaitwa Waairishi kwa jina na kanisa. Wakienda likizo Mayo, kaunti ya Ireland, wanaitwa Waingereza kwa lafudhi. Kuna tusi la Mwairishi wa plastiki.

Sensa ya England na Wales iliwapa kisanduku cha "mweupe Mwairishi" kuanzia 2001. Mwaka huo walijitia humo watu 641,804. Mwaka 2021 walikuwa 507,465. Wazee waliovuka miaka ya 1950 wanafariki, na watoto wao wengi wanatia "Mbritania" hata kama wana pasipoti ya Ireland mezani.

Miaka ya ukimya nayo ilichangia. Tarehe 21 Novemba 1974 mabomu ya baa za Birmingham yaliua watu 21. Sheria ya kuzuia ugaidi ikapita ndani ya siku chache, mtu akaweza kushikiliwa hadi siku 7 bila shtaka, na wanaume sita Waairishi wakafungwa kwa kosa wasilolitenda hadi Machi 1991. Maandamano ya Mtakatifu Patrick ya mji huo yalisimama, yakarudi 1996. Kwa zaidi ya miaka 20, lafudhi ilikuwa kitu cha kushusha ukiwa kwenye basi.

---

Karani wa Zamu

Upande wa karatasi kwa hao wa ughaibuni, maana unawahusu hata watu wa Nairobi na Arusha wenye babu Mwairishi.

Mzazi wako amezaliwa kisiwani kabla ya 2005? Wewe ni raia wa Ireland tayari, hata uwe umezaliwa Mombasa. Nenda moja kwa moja kwenye pasipoti.

Ni babu au bibi ndiye aliyezaliwa kisiwani (kusini au kaskazini, sawa)? Unapitia daftari la waliozaliwa nje. Fomu inajazwa mtandaoni, inachapishwa, inasainiwa mbele ya shahidi anayekubalika, mfano daktari, mwanasheria au kiongozi wa dini, asiye ndugu yako, kisha inatumwa kwa posta na hati halisi. Vizazi vitatu vya karatasi: vya babu, vya mzazi, vyako, kuzaliwa, ndoa, na kifo pale kilipotokea. Picha 4, mbili zisainiwe nyuma na shahidi. Ada ni euro 278 kwa mtu mzima, 153 kwa mtoto. Kusubiri ni kwa miezi, si wiki.

Yanayorudisha faili: cheti kifupi kisicho na majina ya wazazi (England wanatoa vyeti vya aina mbili, omba kile kirefu), bibi aliyeolewa mara mbili na cheti cha ndoa moja, jina lililoandikwa Bridget huku na Delia kule bila karatasi ya kuziunganisha.

Kosa lisilorekebishika ni la kuchelewa. Uraia wa daftari unaanza siku ya *kusajiliwa*, haurudi nyuma. Ukipata mtoto Machi na ukasajiliwa Aprili, mtoto huyo hapati kitu kupitia kwako. Atakayezaliwa Mei anapata.

---

Mkalimani wa Pwani (mleta mada)

Karani, la mwisho. Babu alizaliwa Derry mwaka 1919, kabla jimbo halijamegwa. Cheti kinaombwa Dublin au Belfast? Na kwenye fomu mji uandikweje?

---

Karani wa Zamu

Kumbukumbu za vizazi za kisiwa kizima zinaanza 1 Januari 1864. Kwa waliozaliwa kabla ya 1922 katika kaunti zile sita, unaweza kuomba Belfast au Dublin, ofisi zote mbili zinazo. Kuanzia 1922, Belfast peke yake. Wape jina kamili, jina la mama kabla ya ndoa na wilaya ya usajili kama unaijua, kwa sababu kina John Doherty wa Derry wa mwaka ule hawahesabiki kwa vidole.

Mji uandike kama ulivyo kwenye cheti. Cha 1919 kitasema Londonderry, na ofisi ya Dublin itakipokea hivyo hivyo bila kuuliza babu alikuwa anapaitaje nyumbani.